Poké Ball inakamata, lakini haitiishi

Kuna bishano moja ambalo mashabiki wa Pokémon, gemu za kukamata na kupambanisha viumbe wa kubuni, hawajalimaliza mpaka leo: Pokémon (kiumbe mmoja wa hao) anapozama ndani ya Poké Ball, mpira mdogo anaorushiwa ili akamatwe, ametekwa au amekubali? Upande mmoja unasema ule mpira ni gereza la mfukoni, na kwamba mkufunzi, yaani mtu anayewakamata na kuwapiganisha, ni mtekaji mwenye kofia nzuri. Upande wa pili unasema hakuna Pokémon anayekaa ndani ya mpira asipotaka, na kwamba pambano la mwituni ni namna yake ya kumpima mtu kabla ya kumfuata. Kinachofanya bishano hili lisiishe ni kwamba kila upande unachota ushahidi kwenye kisima kimoja. Hesabu za gemu zinasema hivi, hadithi inasema vile, na zote zimetoka kwa watu walewale.

Tuanze na hesabu, maana zenyewe hazijui kupamba.

Kila aina ya Pokémon ina namba yake ya urahisi wa kukamatwa, inayoanzia 3 na kuishia 255. Caterpie, yule kiwavi wa kijani wa mwanzo wa safari, ana 255. Pikachu ana 190. Mewtwo, mmoja wa wenye nguvu kuliko wote, ana 3. Katika kanuni iliyoanza na gemu za Ruby na Sapphire mwaka 2002, namba hiyo inapunguzwa kulingana na damu, yaani pointi za uhai, aliyobaki nayo: akiwa na damu kamili inabaki theluthi tu, akiwa amebakiwa na tone inakaribia kuwa nzima. Kisha unazidisha kwa aina ya mpira: Poké Ball ya kawaida ni 1, Great Ball ni 1.5, Ultra Ball ni 2. Mwisho unazidisha kwa hali ya mnyama. Aliyelala au kuganda barafu anahesabiwa mara 2, na tangu Black na White za mwaka 2010 mara 2.5; aliyepooza, kuungua au kula sumu ni mara 1.5. Jibu likifika 255, hana pa kwenda. Lisipofika, bahati inaitwa mezani.

Kwa hiyo hata Caterpie mwenye damu kamili atauponyoka mpira wa kawaida mara mbili kati ya tatu. Na Mewtwo? Mchukulie yule wa gemu ya FireRed ya mwaka 2004. Ukimrushia mpira wa kawaida akiwa hajaguswa, nafasi yako ni karibu 1 kati ya 255. Mpunguze mpaka abakiwe na pointi moja ya damu, mlaze usingizi, toa Ultra Ball: nafasi inapanda hadi takriban asilimia 4. Kazi yote hiyo, na bado mipira zaidi ya 90 kati ya 100 itafunguka usoni pako.

Hapa ndipo panapovutia zaidi. Gemu haikati shauri kwa kura moja. Inapiga kura nne mfululizo, na mpira lazima ushinde zote. Ile mitikisiko mitatu unayoiona kwenye skrini ni kura zilizokwisha kushinda, na ya nne ndiyo inayotoa ule mlio wa kufunga. Kwa Mewtwo wetu aliyelala, kila kura ina nafasi ya kushinda iliyo chini kidogo ya nusu. Piga hesabu utaona kituko: mpira kutikisika mara tatu kisha ukafunguka kunatokea karibu mara 5 katika 100, ilhali kumkamata ni mara 4. Yaani kumkosakosa ni kwingi kuliko kumpata. Yeyote aliyewahi kutupa mipira mpaka begi likabaki tupu, huku akijiambia “safari hii ilikuwa karibu kabisa,” alikuwa anasema kweli, ila ukaribu huo haukumsogeza popote. Kura za mpira unaofuata zinaanza upya.

Wachezaji wa kila kizazi wamejibu ukatili huo kwa ushirikina. Kuna wanaobonyeza kitufe cha A kila mpira unapotikisika, wanaoshikilia B, na wanaoshikilia B pamoja na mshale wa chini. Havisaidii kitu. Lakini nimeona watu wazima, wenye kuijua kanuni niliyoieleza hapo juu kwa kichwa, wakibonyeza vilevile.

Sasa isome kanuni hiyo ukiwa na lile swali letu akilini. Nafasi ya hiari iko wapi? Haimo. Kumjeruhi kunasaidia, kumpooza kunasaidia, kumtilia sumu kunasaidia. Aliyelala ni rahisi zaidi kumpata, na aliyelala hawezi kukubali chochote. Quick Ball, iliyokuja na Diamond na Pearl, ina nguvu kubwa kwenye zamu ya kwanza tu, kabla mnyama hajajua kuna nini. Tangu Black na White ni mara 5. Legends: Arceus ya mwaka 2022 ikaenda mbali zaidi: unajikunja kwenye majani marefu, unamnyemelea Pokémon kwa nyuma, na ukimrushia hajakuona nafasi yako inaongezeka. Kama pambano ndilo mtihani ambao Pokémon anampa mkufunzi, basi gemu hiyo inakupa alama za ziada kwa kuukwepa mtihani.

Halafu kuna Master Ball. Haishindwi. Haiangalii damu, haiangalii usingizi, haipigi kura. Katika gemu za mwanzo za mwaka 1996 unapewa moja, na rais wa kampuni ya Silph, baada ya kuwafurusha Team Rocket, genge la wahalifu waliolivamia jengo lake wakiitaka hiyohiyo. Wanaotetea hiari hawapendi kuizungumzia Master Ball, na wana haki ya kutoipenda: kifaa kimoja kisichoweza kukataliwa kinatosha kuonyesha kwamba ridhaa si sharti la kukamatwa. Ila tuwatendee haki waandishi wa hadithi. Wao wenyewe waliiweka mikononi mwa wabaya kama kitu cha kuogopwa, wakaifanya adimu, wakakupa moja tu.

Kama mambo yangeishia hapo, upande wa gereza ungekuwa umeshinda asubuhi na mapema. Lakini upande wa pili una hoja nzito kuliko unavyodhaniwa.

Ya kwanza ni umbile lenyewe la Pokémon. Legends: Arceus, iliyowekwa katika enzi ya kale ambayo watu wa nchi ya Hisui ndio kwanza wanaizoea mipira, inaeleza kwamba Pokémon wote wana uwezo wa kusinyaa, na kwamba mpira umejengwa juu ya uwezo huo. Mipira ya huko hutengenezwa kwa tunda la Apricorn na jiwe, kazi ya mkono. Hakuna mashine ya ajabu inayomgeuza mnyama kuwa kitu asicho. Yeye ndiye anayejikunja, mpira unampa pa kujikunjia, kama kobe na gamba lake. Hilo linajibu pia swali la watoto la tangu zamani, Wailord mwenye urefu wa mita 14.5 anaingiaje kwenye kitu cha ukubwa wa ngumi. Uzito ni habari nyingine. Celesteela ana kilo 999.9, na mtoto wa miaka kumi na moja anatembea naye kiunoni bila hata kuyumba. Hapo hadithi imeamua kunyamaza, na nadhani imefanya vyema.

Hoja ya pili inatoka kwenye katuni ya televisheni, iliyoanza Aprili 1997. Pikachu wa Ash, mkufunzi kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, anakataa kuingia kwenye mpira tangu kipindi cha kwanza, na hakuna anayemlazimisha. Psyduck wa Misty, rafiki yake Ash, anatoka mwenyewe bila kuitwa, tena wakati ambao hatakiwi kabisa. Wobbuffet wa Jessie, mmoja wa Team Rocket, amefanya hivyo mara nyingi hadi ikawa kichekesho chake cha kudumu. Ukiyachukulia matukio haya kwa uzito, mlango wa mpira hauna komeo upande wa ndani. Walio wengi hawatoki kwa sababu hawaoni haja ya kutoka.

Ya tatu ndiyo inayonishawishi zaidi: uasi. Charmander wa Ash alipokua na kugeuka kuwa Charmeleon aliacha kumsikiliza, na akiwa Charizard, kwenye mashindano ya ligi ya Indigo, alimgomea uwanjani mpaka Ash akapoteza pambano mbele ya mpinzani wake Ritchie. Alikuwa amekamatwa kihalali, kwa mpira halali, na mtu aliyemwokoa. Gemu nazo zina sheria ya namna hiyo tangu mwanzo. Pokémon uliyebadilishana na mchezaji mwingine anakutii hadi kiwango fulani tu, na kiwango hicho kinapanda kwa beji, alama za ushindi, ulizojipatia: katika gemu za kwanza Cascade Badge inakupa hadi kiwango cha 30, Rainbow 50, Marsh 70, na Earth Badge inafungua wote. Asiyekutii analala usingizi katikati ya vita au anafanya analotaka. Kama mpira ungekuwa chombo cha kuosha ubongo, mambo hayo yasingewezekana.

Kwa maoni yangu, kosa la bishano hili ni kudhani kwamba mpira una kazi moja. Unamweka Pokémon mahali, na unaandika kuwa ni wa nani. Ndiyo maana ukijaribu kumrushia mpira Pokémon wa mtu mwingine, mwenyewe anauzuia na gemu inakuambia usiwe mwizi. Katika Pokémon Colosseum ya mwaka 2003, ilibidi kitengenezwe kifaa maalumu cha kuivunja kanuni hiyo, na kilikuwa mikononi mwa genge la wezi. Kutekwa na kumilikiwa ni kazi ya mpira. Utii si kazi yake, na hakuna aina ya mpira inayoutoa. Iliyo karibu zaidi ni Friend Ball, ambayo humfanya aliyekamatwa aanze akiwa amekuzoea zaidi, na Luxury Ball, ambayo huharakisha mapenzi kukua. Lakini kuharakisha si kulazimisha. Na sifa hiyo ya Luxury Ball inafichua jambo: aliyeko ndani anajua alipo, na anaona tofauti kati ya mahali pazuri na pabaya.

(Gold na Silver za mwaka 1999 zilileta mipira ya mzee Kurt, fundi wa mipira ndani ya gemu, mingine ikiwa na hitilafu za kuchekesha. Love Ball ilikusudiwa kuwavuta wa jinsia tofauti, ikawa inawavuta wa jinsia moja. Moon Ball haikufanya kazi yake hata kidogo.)

Wapo watakaosema kwamba gemu zenyewe zilishalijibu swali hili katika Black na White. Kule kuna N, kijana anayesikia sauti za Pokémon na anayetaka waachiliwe wote, na Team Plasma, kundi lake, inayohubiri hivyo hadharani. Lilikuwa jaribio la kijasiri. Mwisho wake, hata hivyo, ulinikatisha tamaa: inagundulika kwamba Ghetsis, aliye nyuma ya yote, alitaka wengine waachilie Pokémon wao ili yeye abaki peke yake na nguvu. Hoja haikujibiwa. Mwenye hoja alichafuliwa, kisha tukaendelea kutupa mipira.

Linganisha na Palworld, gemu ya kampuni nyingine ya kukamata viumbe, iliyotoka Januari 2024. Ukilenga kiumbe na Pal Sphere, tufe lao la kukamatia, asilimia ya kumpata inaandikwa mbele ya macho yako, na unaweza kumkamata hata binadamu. Hakuna anayejifanya kwamba kuna maafikiano. Nintendo na The Pokémon Company walikwenda mahakamani Tokyo mnamo Septemba mwaka huohuo, wakidai hataza zao zimekiukwa, na Novemba Palworld ikaondoa utaratibu wa kurusha tufe ili kumwita kiumbe. Kesi hiyo ni ya wanasheria. Kwa mjadala wetu, Palworld inaonyesha kifaa hiki kinafananaje kikivuliwa hadithi: namba na nguvu basi. Kinachoipa Poké Ball uzuri wake ni kwamba asilimia imefichwa nyuma ya mitikisiko mitatu, na katika kimya kile unaweza kuamini kwamba aliyeko ndani anafikiri.

Gemu za karibuni zinaonyesha kwamba watengenezaji nao wameanza kuutambua mgawanyo huo wa kazi. Katika Sword na Shield za mwaka 2019, Pokémon aliyezidi kiwango cha beji zako huwezi kumkamata kabisa, mpira unazuiwa. Scarlet na Violet za mwaka 2022 zikageuza utaratibu. Mkamate tu ukiweza, lakini kama alikuwa juu ya kiwango chako siku ulipomkamata, hatakusikiliza mpaka upate beji za kutosha. Huo ndio uamuzi sahihi kuliko wote katika mfululizo huu. Mpira unaruhusiwa kuwa mtego kama ulivyo, na heshima inatafutwa kwingine.

Pengo moja bado halijazibwa, na hapo watu wa upande wa gereza wananibana. Katika katuni Psyduck hutoka apendapo. Katika gemu, aliyekamatwa anaweza kugoma, kulala, kukupuuza vita vizima, ila hawezi kuondoka. Kumwachilia ni kitufe kilicho kwenye menyu ya mchezaji peke yake.