Bastola ya mmoja, nyumba ya wawili

Anayebeba bastola iliyofichwa kiunoni hutoa sababu za barabarani: alivamiwa usiku, anapokea vitisho, kazi yake inamlazimu kutembea na fedha. Mwenzi wake anapopinga, mara nyingi haongelei barabara hata kidogo. Anaongelea kabati, kitanda, watoto na siku ya ugomvi. Ndiyo maana wawili hao wanaweza kubishana mwaka mzima bila kujibizana.

Hoja ya mbebaji si ya kupuuzwa. Aliyewahi kuvamiwa anajua kwamba polisi, hata wawe wepesi namna gani, mara nyingi hufika mambo yakiwa yamekwisha. Sheria nayo yaweza kuwa upande wake. Juni 2022, katika shauri la Bruen, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba raia ana haki ya kikatiba kubeba bastola hadharani kwa ajili ya kujilinda, na zaidi ya nusu ya majimbo ya nchi hiyo hayadai hata kibali. Kumtaka mtu aliyefunzwa vizuri, asiyelewa wala kupandwa na hasira, aiache bastola kwa kuwa tu mwenzake hana raha ni kumwomba jambo kubwa.

Ila kukosa raha huko kuna msingi. Utafiti uliochapishwa 2022 uliwafuatilia wakazi wa California ambao wenyewe hawakumiliki bastola. Walioishi na mtu mwenye bastola walikuwa na uwezekano wa takriban mara saba zaidi wa kuuawa kwa risasi na mwenzi wao, wakilinganishwa na wa nyumba zisizo na bastola, na waliouawa hivyo wengi mno walikuwa wanawake. Ni kweli vifo vyenyewe ni vichache kwa idadi, na mbebaji ana haki ya kulisema hilo. Lakini hatari inayoongezeka inamwangukia yule ambaye hakuichagua silaha.

Fikiria jioni ya kawaida. Mbebaji anaingia ndani amechoka, bastola ingali imekokiwa, mkanda unambana. Anaivua na kuiweka juu ya kabati “kwa dakika moja”, simu inalia, anatoka nje kuongea. Dakika hiyo ndiyo mwenzi anayoihofia. Mkoba nao si salama zaidi: Desemba 2014, katika duka moja mjini Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili alifikia bastola iliyokuwa ndani ya mkoba wa mama yake, akamuua. Mama huyo alikuwa na kibali cha kubeba.

Kuna nchi ambazo zimeona kwamba jambo hili halimhusu mwombaji peke yake. Kanada, anayeomba leseni ya silaha huwataja mwenzi wake na yeyote aliyeishi naye kinyumba ndani ya miaka miwili iliyopita, nao hujulishwa. Hawana kura ya turufu, ila wasiwasi wao unaweza kuanzisha uchunguzi zaidi. New Zealand, mwenzi huhojiwa. Naona wamepatia: anayelala chumba kimoja na mwombaji anaijua hasira yake na huzuni yake kuliko ofisa yeyote.

Hapo lazima hofu zitenganishwe. Mwenzi anayeogopa ajali anaweza kutulizwa kwa sefu, mafunzo na mazoea yasiyovunjwa. Mwenzi anayemwogopa mbebaji mwenyewe hahitaji kushawishiwa. Anahitaji silaha iondoke, na kama kuna vitisho, anahitaji msaada wa sheria. Mahakama ileile ya Marekani, katika shauri la Rahimi la 2024, ilikubali kwamba mtu ambaye mahakama imeona ni tishio kwa mwenzi wake anaweza kuzuiwa kumiliki silaha.

Kwa wanandoa wasio na hofu hiyo ya pili, nasimama hivi: kubeba barabarani ni uamuzi wa mbebaji, ila yanayotokea bastola ikivuka mlango si yake peke yake. Mwenzi aamue pamoja naye inapolala, nani anajua namba za sefu, na lini inatoka nyumbani kwa muda, hasa msiba au msongo wa mawazo unapomwelemea mmoja wao, kwani zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua. Anayeona masharti hayo ni mazito mno aiweke silaha yake mahali pengine halali, nje ya nyumba. Na asibebe kwa siri kutoka kwa mwenzi wake: siku mkono wa kukumbatia utakapogusa chuma, mazungumzo yatakuwa kuhusu uongo wake, na suala la usalama halitapata tena nafasi ya kusikilizwa.