Mto haujawahi kujenga dola

Kila kitabu cha historia cha shule kina sentensi ileile: mto ulifurika, ukaacha udongo wenye rutuba, watu wakavuna ziada, dola ikazaliwa. Rahisi kama kukoroga uji! Aliyeiandika hakuitazama kalenda ya Sumeri, nchi ya kale kusini mwa Iraq ya leo.

Kule shayiri ilipandwa vuli, ikavunwa Aprili na Mei. Na mito yake, Frati na Hidekeli, ilifurika lini? Aprili na Mei, theluji ya milimani ikiyeyuka. Mbegu ikitaka maji, mto uko chini. Masuke yakikauka, gharika hilo. Eti zawadi.

Misri, haya, nakubali kwa shingo upande. Nile ilijaa Julai hadi Septemba, ikashuka, mkulima akamwaga mbegu kwenye tope bichi. (Na wanaojigamba kwamba Ziwa Victoria lilirutubisha mashamba ya mafarao: tope lile lilitoka nyanda za juu za Ethiopia. Maji ya kwetu mengi yaligeuka mvuke kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini.)

Turudi Sumeri. Mashapo yaliinua Frati hadi ukapita juu kuliko mashamba yaliyouzunguka. Kutoa maji ni kutoboa ukingo tu, yanashuka yenyewe. Kuyafunga ndiyo shughuli: tundu lisipobanwa kwa matete na udongo hulika, na mto unaweza kuhamia humo. Kisha tambarare haina mteremko wa maana. Maji yakipoa mwendo kwenye mfereji, tope linatua. Usipouzibua kila mwaka, mfereji unakufa. Tope unalitupa kando, kingo zinapanda, mwakani unalirusha juu zaidi.

Nani atazibua? Mwenye shamba karibu na banio, pale maji yanapoingilia mfereji, keshapata maji yake, ya mkiani yanamhusu nini? Hapo ndipo anapoingia mtu mwenye orodha, posho ya shayiri na fimbo. Katika vibao vya udongo vya enzi ya Uru, mji wa Sumeri, karne ya 21 KK, makarani walikokotoa ujazo wa udongo na siku za kazi. Kipimo kimoja cha kawaida ni kama mita za ujazo 3 kwa mtu kwa siku. Dola ndiyo hiyo, haikuelea juu ya mafuriko.

Najua, watu wa Choga Mami, kijiji cha kale cha Iraq, walikuwa na mifereji midogo karibu mwaka 6000 KK bila mfalme yeyote. Midogo, ndiyo. Mikubwa ni habari nyingine: miji ya Sumeri ya Lagash na Umma ilipigania mashamba ya Guedena, mpakani mwao, na maji yake vizazi kwa vizazi.

Halafu chumvi. Ukimwagilia kupita kiasi pasipo njia ya kutoa maji, maji ya ardhini yanapanda, jua linayavuta, chumvi inabaki juu nyeupe pe. Ngano inashindwa kwanza, shayiri inavumilia kidogo. Dawa ni kulaza shamba mwaka mmoja, magugu yenye mizizi mirefu yanyonye maji ya chini. Sasa nenda kamwambie mtawala mwenye jeshi linalosubiri posho alaze nusu ya mashamba yake.