Mnaniuliza Nilinunua Ngapi

Mwenzangu wa kazini alinikuta asubuhi moja soko la Virunga, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mikono yangu yote miwili imezama ndani ya rundo la makoti ya mitumba. Tulisalimiana, akapita. Siku ya tatu akaliona koti moja la rundo lile kwenye statu yangu ya WhatsApp, ambako nauzia nguo, limefuliwa, limetundikwa vizuri, bei franka 20,000 za Kongo. Kesho yake, mbele ya walimu wengine, akaniuliza huku anacheka: "Mama Furaha, hii koti si uliitoaka pale chini kwa 8,000?"

Walimu wote wakageuka kuniangalia. Nami nikacheka tu, kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani chini ya kitenge. Tangu siku ile jibu limenikaa kooni, basi leo nalitoa.

Ndiyo, nililitoa pale chini kwa 8,000. Zipu yake ilikuwa imekufa, fundi wa mtaa wa Majengo akaweka nyingine kwa 2,000. Kwetu bomba linaweza kukohoa hewa wiki nzima, kwa hiyo kufua koti zito ni kununua maji ya bidoni, yaani ya madumu. Pamoja na sabuni, weka 1,000. Motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyelipeleka kwa mteja mtaa wa Himbi alichukua 2,000. Mega za intaneti za kupandisha picha na kujibu maswali, 500. Nilikuwa nimeshatoa 13,500 kabla sijaona faida. Kilichobaki mkononi ni 6,500, na katika hizo 6,500 kuna saa mbili za kuinama sokoni, kuna jioni ya kufua, na kuna watu kumi na mmoja walioandika "ya mwisho ni ngapi?" bila hata kuuliza saizi. Kumi kati yao sikuwasikia tena.

Mnayoiita faida, mimi naiita mshahara. Na ni mshahara mdogo.

Nguo hizi tunaziita chagua. Majirani zetu wa Rwanda wanaandika caguwa, ni neno letu lile lile limevuka mpaka. Zambia wanasema salaula, neno la Kibemba, nalo maana yake ni hiyo hiyo, kupekua rundo hadi upate kitu. Watu walioanza biashara hii waliipa jina la kazi yenyewe, ila sisi tunaotumia jina kila siku tumeacha kulisikia. Balo, yaani robota la nguo, la kilo 45 linafika limekazwa kwa kamba, na mama aliyelinunua hajui kilichomo hadi alikate. Akikuta nguo za mtoto wa miezi mitatu tupu, au suruali za kiuno ambacho Goma nzima hakipo, hasara ni yake. Ndiyo maana anauza kwa rundo, kwa haraka, apate pesa ya balo lingine. Hana nafasi ya kukaa na koti moja akilitafutia mnunuzi wake. Nafasi hiyo ndiyo ninayoiuza mimi.

Bei ya nguo, jamani, haikai ndani ya nguo. Sisi tunaoishi ukingoni mwa mpaka tulipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda vyake vya nguo vipate kupumua. Marekani ilichukia, na mwaka 2018 ikaondolea nguo za Rwanda nafuu ya kuingia sokoni kwake bila ushuru. Hayo ni mambo ya wakubwa. Huku kwetu tulichokiona ni wamama wanaovuka Petite barrière, kivuko cha mpakani, asubuhi wakiwa wanene kuliko walivyoamka, blauzi juu ya blauzi, na kurudi mchana wamekonda. Blauzi haikubadilika hata uzi mmoja kati ya Birere ya kwetu na Gisenyi ya Rwanda. Bei ilibadilika kwa sababu kuna mtu aliyeivaa kwenye jua na kusimama mbele ya maaskari nayo mwilini. (Wateja wa ng'ambo ya mpaka wanaoona statu yangu nawaambia waje wenyewe, walipie hapa, wavae hapa. Mimi sivushi kitu. Moyo wangu hauna nguvu hizo.)

Kuna wanaohubiri kwenye simu zetu kwamba hii ni "biashara bila mtaji", ukiwa na simu tu unatajirika. Mimi nilianza na 30,000 nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya sare ya Furaha, na mwezi wa kwanza nilirudisha 18,000 na nguo sita ambazo hakuna aliyezitaka. Nilikuwa nanunua ninachokipenda mimi: magauni mepesi ya maua, mazuri mno, ya watu wanaoishi penye joto. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, jioni ikifika kila mtu anatafuta sweta. Mama mkwe ndiye aliyenifumbua macho, naye hakukusudia. Aliingia, akaangalia yale magauni yamejaa kwenye kamba, akasema: "Mama Furaha, hao wazungu walikufa wote wakati wa joto?" Tangu hapo nanunua makoti, sweta na viatu vya kufunga. Mwezi mzuri sasa unaniachia kama 110,000 baada ya gharama zote. Mwezi mbaya 20,000. Inasaidia kwa karo na mkaa. Haijengi nyumba.

Halafu kuna suala la doa, na hapa sipatani na wenzangu wengi wanaouza kama mimi. Wao hupiga picha upande mzuri, sehemu iliyochanika wanaikunja nyuma. Mimi naanza na ubaya. Picha ya kwanza ni tundu, kola iliyochakaa au kitufe kisichofanana na vingine. Si kwamba nina roho ya malaika. Niliwahi kumpelekea mteja sweta yenye tundu dogo kwapani ambalo niliamua halionekani. Akaliona kabla motari hajageuza pikipiki. Nikalipa motari kwenda, nikamlipa kurudi, nikarudisha pesa, na yule dada akaandika kwenye kundi la wanawake mia mbili kwamba Mama Furaha anauza matundu. Ilinichukua miezi miwili kurudi pale nilipokuwa. Uongo una motari wake, na anayemlipa ni muuzaji.

Picha zenyewe nazipigia ukutani kwetu, mawe meusi ya volkano. Nguo nyeupe inang'aa pale kama imetoka dukani. Nguo nyeusi inapotea kabisa, nalazimika kuomba ukuta wa jirani.

Pesa kuipokea ni kazi nyingine. Tangu benki zilipofunga hapa mwisho wa Januari 2025, wengi wananilipa kwa simu, na nikitaka pesa ya mkononi wakala ananikata sehemu yake. Anayeleta dola naye ananifanya mkaguzi: naishika juu kwenye mwanga, natafuta mchaniko kwenye kingo, maana noti yenye jeraha la milimita mbili kambisti, yule mbadilisha pesa, anaipokea kwa bei ya huruma au haipokei kabisa. Mara moja nilishindana na kaka mmoja hapo Rond-point Signers robo saa nzima kwa ajili ya kona ya noti ya dola 10. Yeye anasema hiyo noti ni nzima, mimi namwambia aende akainunulie unga tuone. Kiatu akakiacha.

Sasa nirudi soko la Virunga, kwa mama ambaye makoti yake nayanunua tangu nilipoachana na magauni. Mwezi uliopita aliniuliza mbona nachukua makoti kila Jumamosi, na nyumbani tuko wanne tu. Ningeweza kumdanganya. Nikamfungulia simu, nikamwonyesha picha, bei na ujumbe wa wateja. Akaangalia kwa muda mrefu. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Akamwita binti yake, akaniambia: "Mwalimu, umufundishe na huyu." Nikamfundisha pale pale juu ya marundo: mwanga wa asubuhi, doa kwanza, andika saizi kwa sentimita.

Jumamosi iliyofuata nilishika koti la aina ile ile niliyozoea. Akasema 14,000. Nilipomuuliza limepandaje hivyo, alimnyooshea kidole binti yake, aliyekuwa ameinamia simu, anaandika.

Tukabishana kidogo. Nililipa 12,000.