Mkienda zuu msiende kumaliza ramani

Kuna sentensi moja lazima utaisikia kwenye bustani yoyote ya wanyama, na utaisikia kabla nusu saa haijaisha: "Hamna kitu humu, twende." Mtu amesimama mbele ya banda sekunde ishirini hivi, hajaona mkia wala sikio, analalamika, anawaburuza watoto banda la pili, huko nako sekunde ishirini, mpaka jioni wanatoka hoi kama wametoka kulima na ukiwauliza wameona nini wanakwambia simba alikuwa amelala. Mi mwenyewe nimekuwa huyo mtu miaka mingi tu kwa hiyo siwacheki. Ila siku hizi naamini kitu ambacho nyumbani kwetu hamna anayekubaliana nami: zuu nzuri ni ile ambayo kuna mnyama utamkosa. Ukishalikubali hilo, siku nzima unaipanga tofauti kabisa.

Ngoja nieleze. Zamani mnyama alikuwa anafungiwa kwenye kizimba cha nondo, sakafu ya saruji, hana pa kujificha, utamuona tu atake asitake. Aliyekuja kuvuruga huo utaratibu ni Mjerumani mmoja, Carl Hagenbeck, mwaka 1907 pale Hamburg akafungua bustani ambayo kati ya watu na wanyama kuna mitaro mipana badala ya nondo, na ndani mnyama ana mawe na nafasi ya kuzurura. Watu wakaiga. Leo banda la maana lina vichaka, lina pango, lina na mlango wa nyuma ambao mnyama akichoka na makelele yetu anaingia ndani zake. Sasa wewe umelipa tiketi sawa, lakini chui naye ana haki ya kulala nyuma ya kichaka. Nikifika mahali kila mnyama anaonekana saa zote, kajikunyata kwenye ukuta mtupu, hata kivuli hana, hapo ndo napata wasiwasi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, na kama una haraka soma huu tu uende zako: chagueni wanyama watano. Watano basi. Zuu ya San Diego ina ekari kama 100, ile ya Bronx huko New York ni 265, hiyo utaizunguka yote kwa miguu na mtoto wa miaka minne ili iweje? Jioni ya kabla ya safari kila mtu ataje mnyama wake, mbishane weee, mkubaliane, halafu mwingine yeyote mtakayempitia njiani ni nyongeza. Na mmoja kati ya hao watano awe mnyama ambaye hamna anayemjua. Sisi mwaka jana tulimchagua choroa wa Arabuni, yule mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka, watu wote wanampita wakikimbilia twiga, kumbe wa mwisho porini walimalizwa na wawindaji mwaka 1972 na waliorudishwa kule Oman kuanzia 1982 ni wajukuu wa wale waliokuwa wanazalishwa kwenye zuu. Tulikaa hapo peke yetu kama dakika ishirini, hakuna foleni, hakuna kusukumana.

Kabla hamjatoka angalieni tovuti ya bustani mnayokwenda, sio kwa ajili ya bei tu, angalieni sehemu ya matangazo. Banda linaweza kuwa linakarabatiwa, au mama amezaa wamemfungia ndani apate utulivu. Kuna mahali nilimpeleka mpwa wangu kumuona tembo, mtoto hajalala usiku kucha, tunafika tunakuta ubao "tembo hawapo kwa sasa", na tangazo lilishawekwa onlaini muda mrefu tu, uvivu wangu. Ile safari ya kurudi sitaki hata kuikumbuka.

Haya, muda. Saa sita mchana ndio saa mbaya kuliko zote na ndio saa ambayo familia nyingi zinaingia getini. Simba anaweza kupumzika mpaka saa 20 kwa siku, na huko porini ndo zake vilevile, hajaugua wala hajakata tamaa na maisha, ndivyo alivyoumbwa. Ukimtaka akiwa macho uwepo pale geti linapofunguliwa, maana asubuhi wengi wanakuwa ndo wametolewa nje, wananusa kila kona kujua nini kimepita usiku, wanatafuta chakula ambacho watunzaji wamewafichia, kuna uhai. Saa ya mwisho kabla ya kufunga nayo ni nzuri, wanajua msosi unakuja kwa hiyo wanaanza kusogea karibu na milango. Lakini hapo kuna mtego: nyumba za ndani, za nyoka, za samaki, za ndege, mara nyingi zinafungwa mapema kuliko geti kubwa. Uliza unapoingia, usije ukaziweka mwisho halafu ukakuta kufuli.

Hizo nyumba za ndani ndio za mchana, jua likiwa kali.

Na hapa nataka nikae kidogo kwenye ile nyumba ya wanyama wa usiku, kama bustani yenu inayo, maana naona watu wanaipoteza kila siku. Namna inavyofanya kazi ni rahisi tu, usiku wanawasha taa kali ili wanyama walale, mchana wanaweka mwanga hafifu ili wadhani ni usiku waamke, yaani wamegeuziwa saa. Sasa mtu anatoka juani, anaingia, macho yake hayaoni kitu, anawasha tochi ya simu (naomba usiwe wewe), anasema hamna kitu, anatoka. Macho ya binadamu yanahitaji dakika kama kumi kuanza kuzoea giza na hata zaidi kuzoea vizuri. Ingia, simama ukutani, nyamaza. Dakika ya kwanza nyeusi. Baadaye unaona tawi, halafu tawi linatikisika, halafu kumbe ni komba ana macho makubwa kama ya mtu aliyesikia habari mbaya, anaruka kutoka upande mmoja mpaka mwingine hata hujui amepitia wapi. Mara ya mwisho nilivyokuwa humo nilihesabu makundi manane ya watu wameingia na kutoka wakilalamika banda ni tupu, na muhanga, yule mnyama wa pua ndefu anayekula mchwa, alikuwa anachimba pale chini mbele ya miguu yao.

Ratiba ya kulisha wanyama ipigie picha ukiingia tu, huwa ipo ubaoni au kwenye ramani. Fika robo saa kabla, la sivyo utaona migongo ya watu. Ila usimuahidi mtoto kwamba ataona simba akila nyama, kwa sababu zuu nyingi zina siku moja au mbili kwa wiki ambazo wanyama wakubwa wala nyama hawapewi kabisa, porini kwenyewe hawali kila siku na wakilishwa kila siku wananenepa vibaya. Muulize mtunzaji. Na kama ratiba ina kipindi cha mtunzaji kuongea na watu, mi nakiweka juu ya kulisha, maana yule anajua nani kagombana na nani, nani mchoyo, nani anamuogopa bata.

Sasa kugonga kioo. Jamani. Hakuna kibao duniani kilichoandikwa mara nyingi kama "usigonge kioo" na hakuna kinachopuuzwa kama hicho, na wanaogonga wala sio watoto tu, ni mababa wazima na pete zao. Mnyama akiamka kwa sababu umegonga, ulichokiona ni mnyama aliyekerwa. Kwa gorila ni mbaya zaidi, hata kumkazia macho na kumwonyesha meno ukidhani unatabasamu, kwake huo ni ugomvi. Mwaka 2007 kwenye zuu ya Rotterdam gorila dume anaitwa Bokito aliruka mtaro akamjeruhi vibaya mama mmoja aliyekuwa anakuja kumtazama mara nyingi kwa wiki, akimtabasamia, na mama wa watu alikuwa anaamini ni marafiki. Simtetei gorila wala simlaumu yule mama, nasema tu mtazame kwa pembeni, kaa chini, geuza uso kidogo, utashangaa akija mwenyewe karibu na kioo.

Na ukuta sio kiti. Usimpandishe mtoto juu ya ukuta eti aone vizuri, mbebe mabegani ukiwa umesimama nyuma. Kule Cincinnati mwaka 2016 mtoto wa miaka mitatu alipenya akadondokea kwenye banda la gorila Harambe, mtoto alipona, gorila akapigwa risasi, na kule kupenya kwenyewe kulikuwa kufumba na kufumbua.

Vya kubeba sio vingi. Viatu ambavyo ulishavivaa (vipya viache nyumbani nakusihi), maji, kofia, nguo moja ya akiba ya mtoto, pawabenki maana simu itakufa saa nane na tiketi ikiwa humo humo, na kigari cha mtoto hata kama mtoto anaapa ameshakua mkubwa, saa tisa utamkuta amekilalia huku miguu inaburuta chini. Maputo acha, zuu nyingi hazitaki, likipasuka likaangukia bandani mnyama anaweza kulimeza. Sarafu nazo usitupe kwenye bwawa la pengwini eti unaomba bahati, hizo bahati zinaishia tumboni mwa pengwini. Mkiingia sehemu ya kushika mbuzi na kondoo, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, zile dawa za kupaka mkononi hazitoshi pale, kuna vimelea kwenye kinyesi vinavyoweza kumlaza mtoto hospitali.

Jambo moja dada yangu alinifundisha na sasa sitoki bila kulifanya: getini, kabla ya chochote, mpige mtoto picha mzima mzima, kuanzia kofia mpaka viatu. Akipotea, akili inaruka, hutakumbuka alivaa shati gani. Namba yako mwandikie mkononi kwa kalamu. Mkubaliane na mahali pa kukutana, na pasiwe "kwa nyani" kwa sababu nyani wako sehemu tatu, niulize mimi.

Picha za wanyama nazo ni fupi kuzieleza, flashi zima, lenzi ya simu igandishe kabisa kwenye kioo ili usijipige mwenyewe, na kama ni wavu sogeza simu mpaka iguse tundu la wavu na usubiri mnyama awe mbali nao kidogo, wavu utapotea kwenye picha. Basi.

Mvua ikinyesha usiahirishe. Najua nitapingwa hapa lakini siku ya manyunyu ndio siku yangu, watu wachache, hakuna joto, na wanyama wengi wanachangamka kuliko jua likiwa utosini. Chui milia kwenye mvua ni kitu kingine kabisa, yule haogopi maji hata kidogo, anaingia bwawani anakaa kama mzee kwenye kiti chake. Mvua kubwa ya radi hiyo sawa, kaeni nyumbani.

Turudi kwa wale watano. Wa tano wetu mwaka jana alikuwa chui, chaguo la mpwa wangu. Asubuhi tukaenda, hayupo. Saa nane tukarudi, tukaona labda sikio, labda jani. Tukaenda tena dakika kumi na tano kabla ya kufunga, mhudumu anapita na redio yake anawaambia watu waelekee getini, na hapo chui akatoka nyuma ya gogo taratibu kama vile alikuwepo muda wote (alikuwepo muda wote), akapita usawa wa kioo, karibu kiasi kwamba naona sharubu moja moja. Mpwa wangu wakati huo alikuwa ameshalala begani kwangu, mdomo wazi, udenda kwenye shati. Nikamtikisa, wapi. Nikapiga picha. Kesho yake namwonyesha, anaitazama, anaitazama tena, ananiambia, "Anko, hii umeitoa kwenye intaneti."