Ruzuku ya umeme vijijini: tatizo ni mahali inapowekwa

Katikati ya miaka ya 1930, takribani shamba moja tu kati ya kumi nchini Marekani lilikuwa na umeme, wakati mijini nyumba tisa kati ya kumi zilikuwa nao. Kampuni za umeme hazikuwa na chuki na wakulima, zilikuwa zimepiga hesabu. Nyumba ziko mbalimbali, waya unakuwa mrefu, na mwisho wa waya yupo mteja atakayewasha taa mbili. Mwaka 1936 ikapitishwa sheria ya umeme vijijini, serikali ikakopesha vyama vya ushirika kwa riba nafuu, na wakulima wakajijengea njia za umeme ambazo kampuni zilizikimbia.

Watetezi wa ruzuku hupenda kuikumbusha historia hii, na wana haki. Mwaka 2022 watu wasio na umeme duniani walikadiriwa kuwa milioni 685, wengi wao wakiishi vijijini kusini mwa Sahara, na hesabu iliyowaacha gizani wakulima wa Marekani ndiyo inayowaacha gizani hawa. Sioni mwekezaji atakayepeleka nguzo huko kwa faida peke yake. (Ila husahaulika kwamba fedha za 1936 zilikuwa mikopo ya kurudishwa.)

Anayepinga ruzuku naye si lazima awe mchoyo. Hoja yake ni kwamba umeme hauletwi mara moja ukaisha. Unazalishwa, unasafirishwa na kukarabatiwa kila siku. Shirika likiuza uniti chini ya gharama yake, kila mteja mpya wa kijijini anaongeza hasara. Transfoma ikiungua, fundi anatumwa kwanza kwa wateja wakubwa, na kijiji kinasubiri wiki hata miezi. Wakati wote huo kwenye takwimu za taifa kijiji hicho kimehesabiwa kuwa kina umeme.

Utafiti wa wachumi Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2020, unazipa kambi zote mbili kitu cha kushika. Kaya zilizopewa punguzo la zaidi ya nusu ya ada ya kuunganishiwa zilijitokeza chini ya robo tu. Ilipokuwa bure kabisa, karibu zote zikakubali. Mpinzani wa ruzuku atasema: mnaona, watu hawauthamini umeme kiasi hicho. Mimi nasoma tofauti. Ada ni mlango wa kwanza tu. Baada yake kuna kutandaza nyaya ndani ya nyumba, kuna taa, kuna vifaa vya kutumia umeme huo, na kipato cha mkulima huja kwa msimu. Asiye na akiba hata bei ya nusu ni kubwa kwake.

Mvutano huu huwa mkali zaidi kwenye gridi ndogo za sola zinazohudumia kijiji kimoja kimoja. Mwendeshaji amekopa, ananunua vifaa kwa fedha za kigeni, ana wateja mia chache, hivyo uniti yake ni ghali mara nyingi kuliko ya gridi ya taifa. Mwanakijiji anauliza, na ni swali la haki: kwa nini mimi maskini nilipe kuliko tajiri wa mjini? Mwaka 2020 serikali ya Tanzania ilijibu kwa kuwaagiza waendeshaji wa gridi ndogo wauze kwa bei ile ile ya shirika la umeme la taifa. Kwa usawa, uamuzi huo unaeleweka. Lakini shirika la taifa lina wateja wa mijini na viwanda wa kubeba pengo. Mwendeshaji wa kijiji kimoja hana. Akilazimishwa bei hiyo bila kufidiwa, ataendelea kuwasha kwa sababu mtambo tayari upo, ila hataweka akiba ya kununua betri mpya.

Na betri ndiyo inayoamua. Paneli hudumu miaka 20 na zaidi. Betri ya risasi na asidi huchoka ndani ya miaka michache. Ya lithiamu huenda mbali zaidi, nayo ina mwisho. Mradi ambao bei yake ya uniti haina fungu la betri mpya umeshapangiwa tarehe ya kufa, hata kama uzinduzi wake ulihudhuriwa na waziri.

Ndiyo maana nadhani ruzuku ikae kwenye mtaji: paneli, nguzo, nyaya hadi ndani ya nyumba. Bei ya uniti ibebe fundi, uendeshaji na akiba ya betri. Kwa kaya zisizoweza hata hiyo, uniti chache za mwanzo zilipiwe na hazina, kama Afrika Kusini inavyofanya tangu 2003 kwa uniti 50 za bure kila mwezi kwa kaya maskini. Mwendeshaji asigeuzwe kuwa idara ya ustawi wa jamii kwa mfuko wake mwenyewe.

Sola za nyumba moja moja zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu zimesaidia, kwa kuwa familia iliyokuwa ikinunua mafuta ya taa inaweza kulipa kiasi hicho hicho kwa siku. Mkopo huo hata hivyo huwa ghali kuliko kununua taslimu, na asiyelipa huzimiwa. Bangladesh ilifunga mifumo ya aina hii zaidi ya milioni nne kwa mkopo kuanzia 2003; gridi ilipofika na mifumo mingine ikagawiwa bure, wakopaji wengi waliacha kulipa. Mkopo na bure haviishi kijiji kimoja.

Kinachoweza kushusha bei bila kumpunja mtu ni matumizi ya mchana, jua linapokuwa kali na umeme hauna mnunuzi. Mashine ya kusaga, pampu ya maji na friji ya duka hugawana gharama ambazo taa za usiku haziwezi kuzibeba. Ugumu upo: mota ya mashine ya kusaga huvuta wakati wa kuwaka mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ikishazunguka, na inveta ndogo (kifaa kinachogeuza umeme wa sola na betri kuwa wa kutumika majumbani) huzidiwa na kuzima kijiji kizima. Kifaa cha kuiwasha mota polepole kinapatikana, lakini miradi mingi hubajeti taa na kumsahau msagaji.

Kanuni yangu ya ruzuku kwenye mtaji inakwama jikoni. India ilianza mwaka 2016 kuwaunganishia wanawake wa kaya maskini gesi ya kupikia, na kufikia 2019 kaya milioni 80 zilikuwa zimepata. Nyingi zilijaza mtungi mara chache kwa mwaka na kuendelea na kuni, maana hapa gharama kubwa ni gesi yenyewe, si jiko. Mwaka 2022 serikali ikaanza kufidia sehemu ya bei ya kila mtungi, hadi mitungi 12 kwa mwaka. Hapo hakuna mtaji wa kulipa mara moja na kuondoka: fidia hiyo inabidi irudi kwenye bajeti kila mwaka, ikishindana na mishahara na barabara.