Jiwashe, shika stesheni, ng'atuka

Wapo wanaoitafsiri kauli maarufu ya Timothy Leary, mwanasaikolojia wa Marekani aliyehubiri LSD, dawa ya kulevya inayobadilisha fahamu, kuwa "lewa, tulia, acha shule". Kwa Kiingereza ni "Turn on, tune in, drop out". Tafsiri hiyo inanichoma. Maagizo ni matatu tu, na yote matatu yameharibiwa.

Leary mwenyewe alisimulia kwamba kauli hiyo aliipata kwa Marshall McLuhan, msomi wa Kanada wa mambo ya vyombo vya habari, walipokuwa wakila chakula cha mchana New York. McLuhan alimwambia anahitaji maneno mafupi yanayonasa, akaanza kuimba tangazo la Pepsi kwa maneno ya kubuni. Kwa hiyo mdundo wake ni wa tangazo, na lugha yake ni ya redio: unawasha, unazungusha kitufe polepole mpaka mikwaruzo iishe na sauti isikike. "Tulia" haimo humo. Kushika stesheni ni kazi ya mkono na sikio.

Dawa zimo, sikatai. Kwa mtaa wa Marekani wa wakati ule, "kujiwasha" kulikuwa tayari ni kutumia dawa, na Leary alikusudia LSD waziwazi. Lakini alipoeleza maana katika tawasifu yake ya 1983, alisema hatua ya kwanza ni kuingia ndani ya nafsi na kuziamsha ngazi za fahamu, na dawa ni njia mojawapo tu. Ya pili ni kuishi kwa kupatana na ulimwengu unaokuzunguka, yale uliyoyaona ndani yaonekane nje.

Ya tatu ndiyo inayoumiza zaidi. Alisema ni kujiondoa kwa hiari, kwa kuchagua na kwa staha, katika mambo uliyofungwa nayo bila kujua. Sisi tuna neno hilo! Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985 hatukusema amekimbia wala ametoroka. Tulisema ameng'atuka, neno la Kizanaki lililoenea nchi nzima kwa sababu lilibeba hiari na heshima yote ya kitendo kile. Kung'atuka kunamtaka mtu ajue anaacha nini na kwa nini. Mwanafunzi aliyelala hadi saa sita mchana hajang'atuka popote.

Nakubali, Leary alijiponza. Alihimiza vijana hadharani waache shule, na tarehe 14 Januari 1967, mbele ya maelfu pale Golden Gate Park, San Francisco, aliyatamka yale maneno matatu bila maelezo yake. Aliyeondoka na neno la mwisho peke yake hakulizua.

Kosa kubwa zaidi ni kile ambacho kauli haikubeba. Chuo Kikuu cha Harvard, kabla hajafukuzwa mwaka 1963, Leary alisisitiza mambo mawili kwa anayetumia LSD: hali ya moyo ya mtu, na mazingira aliyomo. Tangazo halina nafasi ya hayo, wala ya kipimo. Albert Hofmann alipojijaribu LSD kwa makusudi tarehe 19 Aprili 1943 alimeza mikrogramu 250, yaani robo ya miligramu moja. Alidhani ni kidogo mno, naye alikuwa mkemia aliyeitengeneza mwenyewe. Mtaani nani angepima?

Kiangazi cha 1967 kilitoa jibu. San Francisco zilisambazwa tembe za dawa nyingine, iliyoitwa STP, zenye miligramu 20 hivi. Inachelewa kuanza kuliko LSD. Mtu akisubiri saa moja bila kuona kitu anadhani tembe ni mbovu, anameza ya pili. Kisha zote zinampanda pamoja, na hazimwachi siku nzima au zaidi. Wengi waliishia hospitalini kwa hofu kuu. Zahanati ya bure ya Haight-Ashbury, mtaa wa mji huohuo, iliyofunguliwa Juni mwaka huohuo, ilipokea vijana walioambiwa wajiwashe na wasiambiwe kingine chochote.

Miaka ya mwisho ya uhai wake Leary aliigeuza kauli iendane na kompyuta: jiwashe, washa mashine, jichomeke kwenye mtandao. Kujiwasha kulibaki. Kung'atuka alikuondoa kabisa.