Greda likishapita, mwendo unapanda

Programu ya barabara za vijijini ikizinduliwa huku mkoani Haut-Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, hotuba huwa ya kilomita: ngapi zimefunguliwa, ngapi zimebaki. Si ajabu. Kongo ina zaidi ya kilomita 86,000 za barabara za kilimo, zile zilizo mikononi mwa OVDA, ofisi ya serikali ya barabara za kilimo (zamani DVDA), na nyingi hazipitiki mvua zikikolea. Ukiwa mkulima wa upande wa Kasenga na mahindi yako yamekwama kijijini, kilomita ndiyo habari pekee unayotaka kusikia. Hesabu ya pili haisomwi siku ya kukata utepe: njia ikishasawazishwa, nani atagongwa?

Mashimo ni adui, lakini ni adui anayemlazimisha dereva kwenda polepole. Greda likipita, kamioni iliyokuwa ikitambaa inakata kijiji kizima kabla kuku hawajakimbia, na kijiji chenyewe hakijasogea: nyumba ziko pale pale kandokando ya njia, kisima upande huu, shule upande ule. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa karibu asilimia 4. Kwa anayetembea kwa miguu, gari likimgonga kwa kilomita 65 kwa saa badala ya 50, hatari ya kufa inazidi mara nne na nusu. Tena dereva huyo wa kwetu mara nyingi ana usukani wa kulia katika nchi inayoendesha kulia, kwa hiyo akitaka kupita kamioni iliyo mbele yake ndani ya vumbi la kiangazi, haoni anayekuja, anabahatisha.

Wapo wanaosema haya ni maneno ya watu wa mjini, na hoja yao ina uzito. Barabara mbovu nayo inaua. Mama mwenye uchungu anayebebwa kwa baiskeli hadi zahanati akachelewa, kifo chake hakiandikwi na polisi wa barabarani, lakini ni kifo cha barabara vilevile. Wanaongeza kwamba kila faranga ya alama na matuta inakatwa kwenye kalvati na madaraja. Hoja ya kwanza naikubali yote. Ya pili, hapana, kwa sababu sehemu kubwa ya usalama kijijini ni kazi ile ile ya matengenezo ikifanywa vizuri.

Chukua majani. Mvua zetu huanza karibu na Novemba, na ikifika Februari majani ya kando ya njia yamempita mtu kimo. Kwenye kona, dereva haoni mtoto anayetoka mtoni na ndoo kichwani, na mtoto haoni gari. Kinachowaokoa wote wawili ni panga. Utaratibu wa makantonye, wanakijiji wanaolipwa kutunza kipande chao cha njia kwa panga, koleo na toroli, uliwekwa ili mifereji isizibe, lakini kwa maoni yangu ndiyo programu ya usalama yenye faida kuliko kampeni yoyote ya mabango. Wakifyeka pembeni kwa upana wa kutosha, wanaacha kijia ambacho anayetembea kwa miguu anaweza kukitumia bila kupanda barabarani. Udhaifu wake unajulikana: malipo yakichelewa, watu wanarudi mashambani mwao, na msimu wa majani ndio huohuo msimu wa palizi.

Matuta ni suala gumu zaidi. Kule Suhum nchini Ghana, kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, mistari ya kutikisa magari ilipunguza ajali kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55. Lakini ile ni lami. Tuta la udongo huku kwetu linaondoka na mvua chache, au linabaki nusu na kuwa mtego wa pikipiki usiku. Afadhali kuweka zege au lami kwenye kipande kifupi tu kinachopita katikati ya kijiji, pamoja na matuta yake, kuliko kutawanya udongo kila mahali. Mhandisi atasema ni ghali. Ni kweli, kwa kila mita.

Halafu kuna usiku. Kabla ya alfajiri, wanaume wa makala, yaani mkaa, wanasukuma baiskeli kuelekea Lubumbashi, magunia yamewafunika hadi mabegani, bila taa. Kipande cha plastiki kinachong'aa nyuma ya gunia ni kitu cha bei ndogo kabisa, na sioni sababu ya programu za umma kutokigawa. Kufunga njia usiku ni jambo jingine. Zambia ilipiga marufuku magari ya abiria kusafiri kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri mwaka 2016. Huku kwetu, amri kama hiyo ingewakuta akina mama waliokaa juu ya mizigo kwenye kamioni ili wafike sokoni mapema. Hao ndio walio hatarini kuliko wote, na hao hao ndio wangeoza na nyanya zao. Bila gari mbadala la mchana, nisingeiunga mkono.

Vizuizi vya mvua vinanipa shaka ya namna hiyohiyo. Kufunga barabara ya udongo saa chache baada ya mvua kunazuia makamioni kuichimba na kuteleza. Lakini kizuizi kikishakuwa na kamba, mtu na benchi, kinageuka mahali pa kulipisha hata jua likiwaka, na dereva aliyecheleweshwa hapo hufidia muda wake kwenye kijiji kinachofuata.

Pesa, ipo njia moja ya kuzipata: FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara uliowekwa kwa sheria ya 2008, hukata kwenye kila lita ya mafuta, na anayekaa juu ya gunia analipia kupitia nauli. Mkataba wa kusawazisha barabara ungeweza kuzuia malipo ya mwisho ya mkandarasi hadi kila kijiji alichokipita kiwe na kando zilizofyekwa na kipande kigumu cha kupunguza mwendo. Makandarasi watalalamika, na gharama ya kila kilomita itapanda. Kilomita zitakazotangazwa zitakuwa chache.